Matao Manne ya Kiwambani

Umepita pale mara ngapi? Usiniambie hujapita. Kila aendaye sokoni Kiwambani hupita kando ya gofu lile, na kila apitaye hukaza macho mbele, kana kwamba matao manne marefu kama minazi ni kichaka cha kawaida. Umeegemeza baiskeli yako kwenye nguzo zake. Umefunga mbuzi wako hapo. Na kibao kilichopigiliwa mlangoni umekisoma, kwa maana herufi zake ni kubwa: “Kanisa la monasteri ya Wareno. Halikukamilika kwa sababu wenyeji hawakuwa na ujuzi wa kufunga kuba.” Umekisoma, ukanyamaza, ukaenda kununua samaki.

Basi leo kaa kidogo. Samaki watasubiri.

Zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, Kiwambani ulikuwa mji wa mawe wenye mitaa minne na misikiti saba. Watu wake walivaa vikoi vya miraba na vilemba vyeupe, wakauza ambari, pembe na magamba ya kasa, na katika kuta za nyumba zao walipachika sahani za Kichina kama mtu apachikavyo vifungo kwenye kanzu. Kwenye ncha ya kisiwa chetu walikuwa wamekaa Wareno, ndani ya ngome yenye mizinga kumi na mmoja. Mkubwa wao alikuwa Kapiteni Rodrigo de Seixas, mtu wa kifua cha chuma na kofia ya chuma, ambaye hakuzivua hata jua lilipokuwa kali kiasi cha kuku kuacha wazi midomo yao.

Pamoja na Kapiteni walikuja watawa saba wenye majoho meusi. Mmoja wao, Padri Baltazari, ndiye aliyechora monasteri na kanisa lake. Alikuwa mwembamba, mwenye macho mekundu kwa vumbi la chokaa, na Kiswahili alikisema pole pole, bila kukivunja. Kanisa alilolichora halikuwa limepata kuonekana pwani hii. Uso wake ulikuwa na mikunjo miwili mikubwa kama makombe ya konokono, mmoja kulia, mmoja kushoto. Madirisha yake yalikuwa na umbo la yai. Nguzo zake zilisokotwa kama kamba ya nanga. Na katikati, juu ya matao manne, lilitakiwa kukaa kuba, mviringo, upana wa dhiraa ishirini.

Sasa fahamu jambo hili. Nyumba zetu vyumba vyake ni vyembamba, kwa sababu boriti ya mkoko haizidi dhiraa sita. Chumba hufuata boriti. Kufunika dhiraa ishirini bila boriti, kwa jiwe na chokaa tu, jiwe likiegemea jiwe, ni kazi ya mtu mmoja katika elfu. Kiwambani mtu huyo alikuwapo. Aliitwa Fundi Ngwali wa Haji, umri wake miaka sitini, mwenye vidole vilivyobabuka na mgongo ulionyooka. Makaburi ya wakubwa wa mji yalikuwa na vikuba vyake, na mihirabu mitatu ilikuwa kazi ya mkono wake.

Kapiteni hakumwomba. Alishuka mjini na askari wenye bunduki, akachukua mafundi arobaini, akawafungia ngomeni. Asubuhi walitolewa kwenda kujenga, magharibi walirudishwa. Ngwali peke yake aliachwa alale kwake, kwa kuwa alikuwa mzee na mwanawe, Pandu, alikuwa mmoja wa wale arobaini. Kisha mpiga mbiu wa Kapiteni akazunguka mitaa yote minne akitangaza: siku hawa mafundi watakapokuwa hawahitajiki tena kanisani, watapandishwa merikebu waende Goa, ng'ambo huko Uhindini, kwa maana Goa kuna kuta nyingi za kujengwa. Merikebu ya Goa ilikuja mara moja kwa mwaka, ikaondoka mwezi wa nane.

Jioni ile mkewe Ngwali, Mwana Mize, alimtilia maji ya kunawa.

“Kazi imefika wapi?”

“Kuta zimefika mabegani.”

“Mabega ya nani?”

“Ya kanisa, mke wangu.”

“Basi lisiote shingo,” akasema Mwana Mize. “Lisiote shingo wala kichwa mpaka mwanangu arudi nyumbani.”

Ngwali akanawa mikono. Na tangu siku ile kanisa likawa halina haraka.

Wala hakuhitaji kusema uongo, hili ndilo watu wa kibao hawalijui. Mafundi wa Kiwambani walikuwa na desturi mbili, na zote alizifuata tangu ujana wake. Ya kwanza: kiunzi cha mbao kinachoshikilia tao hakitolewi mpaka chokaa ipitiwe na masika moja kamili. Chokaa hukauka kwa nje upesi, ndani hubaki kama uji. Mvua na joto vikiipitia kwa zamu ndipo inashikana na jiwe hata msumeno usiweze kuitenganisha. Ya pili: siku ya kutoa kiunzi, fundi mkuu husimama chini, katikati, kichwa wazi. Na aliyeagiza kazi husimama pamoja naye. Tao likianguka, linawaangukia wote wawili.

Kwa desturi ya kwanza Ngwali alipata miaka miwili. Kuta zilingoja masika, nguzo zikangoja masika. Matumbawe mororo ya kuchonga mikunjo ya uso yalitakiwa yatoke baharini yangali laini, yachongwe kabla hayajakauka. Yakikauka kwa kucheleweshwa na askari, yalitupwa, wakarudi kuzamia mengine. Mkunjo wa kushoto ulikamilika, mzuri kiasi cha Padri Baltazari kuupapasa kama mtu apapasaye shavu la mtoto. Wa kulia haukuanza. Merikebu mbili zilikuja, merikebu mbili zikaondoka, na arobaini wakabaki arobaini.

“Mzee huyu hajui au hataki?” Kapiteni alimuuliza Padri.

“Anajua kuliko mimi,” Padri alisema. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kweli, akaongeza neno ambalo angelimeza laiti angejua: “Mpe kuba dogo, juu ya chumba cha mavazi ya ibada, ubavuni. Utaona.”

Ngwali akapewa kuba dogo. Chokaa yake aliitoa katika shimo lake mwenyewe, iliyolala miaka miwili, laini kama samli. Pandu alikuwa akimpokeza mawe, na mlinzi alipogeuka kukojoa, alinong'ona, “Baba, jiwe moja tu likose pembe. Moja. Lipasuke, waseme hatujui kazi, na Goa hawatatutaka, yaishe.”

“Nimekusikia.”

“Aibu itakwisha, baba. Goa haina kurudi.”

Ngwali akachukua jiwe lililokosa pembe, akalipaka chokaa, akaliweka. Akashuka. Akala mihogo yake. Alipokuwa akila alilitazama jiwe lile kutoka chini, akatafuna, akalitazama tena. Tonge la tatu akaliweka chini. Akapanda ngazi, akaling'oa kwa mwiko wake, akaweka lingine lililo sawa.

Pandu alimwona. Alikuwa fundi pia. Jiwe lile baya alilichukua yeye mwenyewe akalitupa mbali.

Hilo ndilo kosa la Ngwali, kama wataka kumtafutia kosa. Mkono wake haukukubali kufanya kazi mbovu, hata kwa bei ya mwanawe. Masika yalipopita, kiunzi kilitolewa, naye Padri Baltazari aliyeliagiza kuba lile akasimama chini pamoja naye. Haikuanguka hata chembe ya mchanga.

Kapiteni akaingia, akatazama juu, akacheka kwa sauti, na kuba likamrudishia kicheko chake. “Kumbe! Basi nisikie vizuri, mzee. Wewe na vibarua wachache mnatosha kwa kuba. Nilichotaka kwa hawa arobaini ni matao manne makubwa, na matao yamekwisha. Toeni viunzi. Siku matao yatakaposimama peke yake, arobaini wanapanda merikebu.”

Merikebu ya mwaka wa tatu ilikuwa imekwisha tia nanga. Zilibaki siku nane iondoke.

“Matao yalifungwa baada ya mvua,” alisema Ngwali. “Na chokaa yake ni mbichi. Wewe ulikataa ilale shimoni. Hayajaona masika.”

“Nimeusikia wimbo huo miaka mitatu.”

“Basi tutatoa viunzi. Ila anayeagiza husimama chini pamoja nami. Na safari hii aliyeagiza si Padri.”

Padri Baltazari aliyatafsiri maneno yale kwa Kireno, moja baada ya moja, mbele ya askari na mbele ya watu waliokuwa wakibeba maji. Kapiteni aligeuka akawatazama askari wake, nao walikuwa wakimtazama. “Nitasimama,” akasema. “Nitasimama na kofia yangu.”

“Anayesimama nami huvua,” akasema Ngwali. “Lakini wewe ni mgeni, ivae.”

Asubuhi ya sikukuu ya Mtakatifu Augustino mji wote ulitoka. Wanawake walipanda juu ya kuta zisizokwisha, wamejifunika shiraa za kuficha mwili mzima, na Mwana Mize alikuwa mbele yao. Mafundi arobaini walipangwa kwenye miguu ya matao, nyundo mikononi, kila mmoja kwenye kabari yake, kile kipande cha mbao kinachokaza kiunzi, askari nyuma yao. Jana yake Mwana Mize alikuwa amemuuliza mumewe swali moja tu, “Tao litaanguka?” naye akajibu, “Kiunzi kikitolewa chote, litaanguka.” Mkewe akamfulia kilemba, akakikausha, akakikunja, kisha akakumbuka kwamba hakitavaliwa.

Ngwali akasimama katikati, kichwa wazi. Kapiteni akasimama karibu naye, chuma kitupu. Ngwali akainua mkono kwa tao la kwanza.

“Kabari ya kwanza.”

Pandu ndiye aliyeipiga. Kabari ikatoka. Tao likashuka unene wa ukucha, na likatoa mlio, si mkubwa, kama mzee anayekaa chini. Chokaa laini ikamwagika juu ya kofia ya Kapiteni kama unga.

“Kabari ya pili.”

Jiwe la ukubwa wa ngumi likachomoka, likaanguka hatua mbili kutoka waliposimama, likapasuka. Ngwali hakuhama. Alijifuta vumbi usoni kwa kiganja.

“Bado kabari nane za tao hili, Kapiteni. Niendelee?”

Kapiteni akatazama juu. Pale juu ufa mwembamba ulikuwa umejichora kutoka ukingo hadi ukingo. Hakukimbia, haki yake apewe. Alitembea, kama mtu aliyekumbuka jambo alilolisahau nyumbani. Alipofika mlangoni, Mwana Mize akasema kutoka juu ya ukuta, taratibu, kila mtu akisikia, “Mvua, Kapiteni? Mbona mbingu nyeupe?”

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka merikebuni.

Ngwali akaamuru kabari zirudishwe na viunzi vikazwe. Padri Baltazari alimfuata Kapiteni akamwambia mbele ya watu wote, “Ukiwachukua hawa arobaini leo, hakuna atakayeushika ufa ule, na kanisa la Mungu litakuwa rundo la mawe. Andika jina lako chini ya hilo, nami nitalipeleka Goa kwa wakubwa wetu.” Kapiteni hakuandika. Merikebu ikaondoka na pembe na ambari. Hakuna fundi aliyepanda.

Lakini mtu aliyechekwa na wanawake hasahau. Masika yalipoingia Kapiteni aliwaondoa arobaini kanisani, akawapeleka kujenga upya ukuta wa ngome unaotazama mji, kwa maana habari zilikuwa zimemfikia kwamba miji ya bara inanoa mikuki. Aliwajengesha mvua ikinyesha. Chokaa ilichomwa leo, ikatumiwa kesho, maji yakaiosha kutoka katika viungo ikitiririka nyeupe kama maziwa. Pandu alimwambia msimamizi, “Ukuta huu haujalala.” Msimamizi akampiga fimbo ya mgongo. Basi Pandu akapaka chokaa ya nje vizuri sana, laini, ikang'aa, na akahesabu hatua: tangu mnara wa mashariki, hatua kumi na nne. Hapo ndipo ukuta ulipokuwa uji mtupu.

Mwezi wa sita miji ya bara ikavuka. Walikuja watu mia sita, wenye mikuki, sime, ngao za ngozi ya kifaru na bunduki chache, wakaungana na Kiwambani, wakaizingira ngome. Mizinga iliwazuia siku kumi. Arobaini walikuwa ndani, wamefungiwa ghala iliyoegemea ukuta ule ule walioujenga. Kila mzinga ulipolia mchana, walikwangua. Mikononi walikuwa na miko yao tu, ambayo hakuna askari aliyefikiri kuwanyang'anya, kwa kuwa nani humwogopa mtu kwa mwiko? Mzinga ukilia, wanakwangua, ukinyamaza, wanaketi. Chokaa ilitoka kama jibini. Waliifukia chini ya mikeka.

Siku ya kumi na moja, baada ya sala ya Ijumaa, walisukuma wote pamoja kwa mabega. Hatua kumi na nne kutoka mnara wa mashariki, ukuta wa Kapiteni Rodrigo de Seixas ulilala nje kama mlango.

Vita vilivyofuata havikuchukua muda wa kupika wali. Askari walipiga bunduki mara moja, wakakosa nafasi ya kushindilia tena, kwa maana sime zilikwisha fika. Kapiteni alisimama kwenye ngazi ya mnara na upanga wake, akapigana vizuri, akafa pale. Mafundi tisa kati ya arobaini walikufa pia. Pandu alipigwa risasi ya goti. Aliishi, akachechemea maisha yake yote. Majina ya wale tisa hayamo kwenye kibao.

Watawa hawakuguswa. Wazee wa mji waliamua wapewe chombo, chakula na maji, waende zao. Padri Baltazari alikuja kwa Ngwali asubuhi ya safari, joho lake limechanika begani.

“Fundi, nina ombi moja. Matao yameona masika?”

“Yameona. Yote, tangu tone la kwanza.”

“Basi nataka kuona viunzi vikitoka. Mimi ndiye niliyeyachora. Niliyeagiza ni mimi, tangu mwanzo.”

Ngwali akavua kilemba chake. Padri alikuwa kichwa wazi tayari.

Walisimama katikati, wazee wawili, mabega yakikaribia kugusana. Thelathini na mmoja wakapiga kabari, Pandu akiwa amekaa juu ya jiwe kwa sababu ya goti. Kabari zote za tao la kwanza, zote za la pili, za la tatu, za la nne. Viunzi vikashushwa kwa kamba, ubao baada ya ubao. Ufa ulikuwa pale, umezibwa, umefunga. Halikusikika lolote ila njiwa waliokuwa wamekwisha hamia.

Padri alilia bila kujificha. “Ulikuwa unaweza,” akasema. “Miaka yote hii. Hata kuba kubwa.”

“Kuba dogo ulilionaje?”

“Lifunge basi, Fundi. Nami nimekwisha ondoka, hakuna wa kukulazimisha. Nitakuachia vipimo vyote.”

“Vipimo ninavyo.” Ngwali akaokota kabari moja, akaifuta, akaitia kiunoni. “Padri, watu wangu waliletwa hapa na mitutu ya bunduki mgongoni. Liache wazi. Mvua iingie.”

Wakapeana mkono, chokaa kwa chokaa. Chombo kikaondoka. Ngwali akaenda nyumbani akamwambia Mwana Mize, “Halikuota kichwa,” na Mwana Mize akasema, “Nimeona. Mwite mwanao ale.”

Hivyo ndivyo kanisa lilivyobaki bila kukamilika. Matao manne yamebeba anga tangu siku ile, hayajadondosha jiwe. Wenyeji hawakuwa na ujuzi, kibao kinasema. Na hatua ishirini tu kutoka kwenye kibao hicho, ubavuni, kuba dogo la Fundi Ngwali lipo, limefungwa, mviringo kama yai, kila jiwe mahali pake. Aliyeandika kibao hakugeuza shingo. Wala wewe.

Na sasa geuza. Mkuyu umeota juu ya kuba dogo. Mzizi mmoja, mnene kama mkono wa mtu mzima, umeingia kati ya mawe mawili upande wa kusini, na ufa unapitisha mwanga. Masika moja zaidi kuba litastahimili. Mawili, hapana. Vizazi vyote vya watu waliopita na mbuzi wao vimeuachia mti kazi ambayo mizinga kumi na mmoja haikuifanya.

Kwa hiyo usiniambie utafikiri. Kibao king'olewe wiki hii. Misumari yake ina kutu, nyundo moja yatosha. Mkuyu ukatwe kwa msumeno, mzizi usivutwe bali uachwe ukauke ndani. Na chokaa ya kuziba ufa haichomwi siku ya kutumiwa, hilo umelisikia. Lazima ilale. Shimo lichimbwe kesho ili chokaa ipate kulala, ufa uzibwe kabla ya tone la kwanza, na kazi ionje masika.

Leta jembe. Kesho saa moja asubuhi, kabla ya soko. Na kabla hujaanza kuchimba, ingia kwenye kuba dogo, simama katikati, vua kofia yako, na utazame juu.